Kiatu cha Kushoto cha Jamila

Nimewapiga picha watu wa Rumonge, mji wetu huu wa kando ya ziwa, kwa miaka thelathini na moja. Maharusi, mahujaji, watoto wa shule siku ya matokeo, wavuvi walioshika sangala mkubwa kuliko mtoto wa mtu. Kuna watu niliwapiga picha wakinyonya, na leo wananiletea watoto wao wanaonyonya. Mimi ni Swedi wa studio ya pembeni ya soko, na kama hunijui basi wewe ni mgeni hapa.

Sasa sikia aibu yangu. Dada yangu mkubwa, yaya Zuwena kama tunavyomwita dada mkubwa huku kwetu, baba mmoja mama mmoja, mtu aliyenibeba mgongoni, alifariki mwaka jana na mimi sina picha yake hata moja.

Siku nane zilizopita binti yake, Yasmini, alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Ubelgiji anakoishi na mume wake. Alianza na salamu ya amahoro, akauliza hali ya goti langu, halafu akasema kilichomleta. Watoto wake watatu walilelewa na Zuwena miaka minne hapa Rumonge kabla hawajawafuata wazazi wao huko. Wa mwisho, Jamila, aliachwa hajajua kutembea, na sasa ana miaka saba. Yasmini akasema, "Mjomba, Jamila ameanza kusahau sura ya nyanya yake. Jana aliniuliza kama alikuwa murefu ao mufupi. Nitafutie hata foto moja. Wewe ndiye uko na foto za watu wote."

Niliusikiliza ujumbe ule mara tano. Kisha nikafunga studio saa nne asubuhi, jambo ambalo silifanyi ila kukiwa na msiba.

Nilitafuta, wallahi. Nilianza na karangamuntu yake, maana hakuna kitambulisho kisicho na picha. Niliikuta ndani ya kopo alimowekea kadi zake zote za hospitali. Lakini mwaka ule ziwa lilipopanda likaingia nyumbani kwake hadi magotini, kopo lile lililala majini siku tatu. Jina linasomeka, tarehe inasomeka, hata alama ya dole gumba bado ipo. Pale penye uso pamebaki doa la rangi ya chai.

Nikaenda kwa Agata, jirani yake, mshona nguo, ambaye simu yake imejaa picha za kila sherehe ya mtaa. Tulikaa tangu adhuhuri hadi alasiri tukizipitia moja moja. Zuwena yumo mara nne. Mara ya kwanza ni mgongo wake. Ya pili ni kiganja anachokingia uso. Ya tatu amejifunika ncha ya kitenge hadi machoni. Ya nne ni sinia ya pilau na vidole vyake vikigawa nyama. Hata Yasmini alipompigia simu ya video, Zuwena aliielekeza simu juu, kwa hiyo Yasmini amelifahamu paa la nyumba ile kuliko mtu aliyeliezeka.

Agata alisema marehemu alikuwa mtu wa haya, kama wanavyosema watu wote. Haikuwa haya. Ilikuwa ni mimi.

Nilipofungua studio nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nina kamera moja niliyoinunua kwa mtu, na kiburi cha kamera kumi. Siku ya kwanza Zuwena alikuja kunipa hongera, Yasmini akiwa mgongoni. Mume wake Moussa, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa mitumbwi, mtu wa heshima zake, na mama yake alikuwa mwanamke wa kuogopwa. Nilimkalisha Zuwena kwenye kiti kipya, nikaanza kumwiga baba yetu anavyopiga chafya. Akacheka hadi mtandio ukamwanguka, na hapo hapo nikabonyeza. Ile picha ilikuwa nzuri. Sijapiga nyingine ya namna ile mpaka leo.

Basi mimi, bila kumwuliza mtu, nikaikuza na kuibandika mlangoni iwe tangazo. Mke wa mtu, kichwa wazi, meno yote nje, na soko zima likipita.

Ilikaa siku sita. Siku ya saba mama mkwe wake alimkalisha mbele ya wakubwa wa ukoo, akaulizwa ni mwanamke wa aina gani anayetazamwa bure na wachukuzi wa soko. Alitoka huko akaja moja kwa moja kwangu. Hakulia. Aliibandua ile picha mwenyewe, taratibu, akaikunja akaitia ndani ya nguo, na hata wiki hii nilipopekua vitu vyake haikuwemo. Kama ningesema nisamehe yaya, maneno mawili tu, yangeishia pale. Lakini mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Nilimwambia hajui thamani ya kazi za watu. Nilimwambia ameniharibia biashara kwa sababu ya kumwogopa mwanamke mzee. Nikaichukua negativu, ile filamu ambayo bila yake picha haichapiki tena, nikaikata kwa mkasi mbele ya macho yake, vipande vidogo vidogo, nikamwambia haya, sasa hutaonekana tena.

"Sawa, Swedi," alisema. "Sitaonekana tena."

Na hakuonekana, kwa miaka ishirini na tisa. Tuliendelea kuwa ndugu, tukala Idi pamoja, tukazika wazazi wetu pamoja, akaniletea ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, kila wiki kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yake, kuwanunua wabichi alfajiri na kuwaanika mchangani. Lile jambo hatukulitaja tena. Nilijiambia amekwisha kusahau. Mwenye kosa hujiambia hivyo, inamfaa.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa sita, viza za watoto zilitoka. Zuwena aliingia studio akakaa kwenye benchi la wateja, mikono mapajani. Alisema anataka picha ya watoto watatu, ya nje, si ya studio yenye pazia la maua ya uongo. Nilimwambia Nafisa, yule mkubwa wao, ana simu aliyoachiwa na mama yake, si wapigane picha wenyewe tu. Akasema za simu zinafutika, yeye anataka ya karatasi, ya kubaki nayo nyumba ikinyamaza. Alipotamka hivyo alitazama mlango, mahali pale pale nilipoibandika yake zamani, halafu akayaondoa macho.

Nilichukua daftari tukaanza kupanga. Kuwapiga picha watoto nje si mchezo, na wanaodhani ni mchezo ndio wanaoniletea watoto saa sita mchana wamejaa jasho. Nilimpa masharti yangu. Iwe asubuhi, kwa sababu ziwa letu liko upande jua linakozama. Ukiwapiga jioni jua linashukia milima ya Kongo nyuma yao, nyuso zinakuwa nyeusi, hujui nani ni nani. Asubuhi jua linatoka vilimani nyuma ya mpiga picha, linawaangaza usoni, na maji nyuma yao yanakuwa ya buluu. Iwe saa moja na nusu, kabla upepo wa kiangazi haujaamka. Wasipewe sukari kabla, wataruka kama panzi. Nguo mpya wazivae siku mbili kabla, wazizoee, maana mtoto mwenye nguo ngeni anasimama kama amekamatwa. Rangi moja wote, bila maandishi. Na wawe miguu mitupu mchangani, inapendeza.

Aliyakubali yote isipokuwa mawili. La kwanza ni miguu. "Watoto wa miguu mitupu ni wa foto za mashirika ya misaada," alisema. "Hawa wako na mtu wa kuwavalisha." Alikuwa amekwisha kuwanunulia viatu vyeupe vya safari, jozi tatu, na nilijua ni ndagala wangapi waliokwenda humo. Nikaliacha.

La pili ni mahali. Mimi nilitaka ufuko wa hoteli, penye majani yaliyokatwa vizuri, ninapopigia maharusi. Yeye alitaka nyuma ya mtaa wetu, pale lilipokuwa jiko la mama. Ziwa lilipopanda liliibeba nyumba ya wazazi wetu yote, ukuta kwa ukuta, na liliporudi nyuma likaacha mchanga na mafiga matatu ambayo mama aliyajengea kwa saruji. Sasa akina mama wanaanika ndagala pale na wavuvi wanatandaza nyavu. Nilimwambia pananuka. Akaniambia picha hainuki. Nilimwambia mafiga yatakaa vibaya kwenye picha. Akasema alijifunza kutembea kwa kuyashika mafiga yale, na mimi nilijifunza, na watoto hawa wanakwenda mahali ambapo hakuna atakayewaambia kwao ni wapi. Tulibishana siku mbili. Agata, aliyekuwa akishona gauni na mashati ya watoto, aliniambia nina roho ya afisa wa forodha.

Zuwena akashinda, kama kawaida yake. Siku moja kabla tulikwenda kukagua. Alikuwa amewaomba wavuvi waondoe nyavu, na wenzake wakakubali kuanika upande wa pili asubuhi ile. Nilichukua kijiti nikachora mstari mchangani. Nafisa na Amissi nyuma, kila mmoja upande wake wa mafiga, Jamila mbele katikati. Mimi hapa, hatua sita mbele yao. Na Zuwena pembeni yangu, bega kwa bega, kazi yake kuwachekesha, kwa sababu hakuna mtoto anayenichekea mimi. Alisema uso wangu unawatisha hata wenye deni na serikali.

Wakati tunarudi nilimwuliza kama yeye naye atasimama nao. Nilimwuliza huku nimeinama natafuta funguo ambazo zilikuwa mkononi. Akasema kazi yake iko huku, upande wa kuchekesha. Nami nikapumua. Nilipumua, Mungu anisamehe, kwa sababu kama angekubali ningelazimika kusema kitu kwanza.

Asubuhi ile kila kitu kilikuwa kama nilivyopanga, isipokuwa watoto. Nafisa, miaka kumi, alisimama na tabasamu la pasipoti. Amissi, mwenye miaka minane, alikuwa akiangalia mtumbwi wa injini uliokuwa ukirudi. Jamila alikuwa na miaka mitano, alikataa kusimama kwenye mstari kwa sababu alitaka kusimama kwenye figa. Niliwapigia kelele. Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyokauka.

Zuwena akaingia kazini. Alitoa tumbo mbele, akakunja uso, akaanza kutembea huku goti moja linagoma, na hata mtu asiyenijua angejua anamwiga nani. Watoto walivunjika mbavu. Tatizo ni kwamba wote watatu walikuwa wanamtazama yeye, na mimi nikaambulia picha arobaini za watoto wanaocheka wakitazama pembeni. Niliwaambia watazame kamera. Nilimwambia Zuwena atulie sasa, jua linapanda.

Akatulia. Akarudi pembeni yangu, kama tulivyopanga. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka ijulikane kwamba anakihitaji.

"Swedi, hapa nilipo, ninatokea?"

Nikatazama ndani ya kamera. Nikamwambia hatokei. Mimi nilikuwa nimechuchumaa, kivuli changu hakifiki mbali, lakini chake kilikuwa kimelala mchangani kirefu mpaka kwa watoto, kichwa kimefika miguuni pa Jamila. Nikamwambia ni kivuli chake tu kinaingia, asogee nyuma hatua mbili.

Hakusogea.

"Kiache," alisema.

"Kitaharibu foto, yaya."

"Kiache tu. Kwa hicho hakuna mutu atanisema."

Halafu nilimwona akirekebisha kitenge kichwani. Alikikaza, akakipapasa nyuma kama kimekaa sawa, akanyoosha mgongo, akaweka mikono kando, akasimama wima bila kutikisika. Nimewaona maelfu ya watu wakifanya hivyo mbele yangu. Ndivyo mtu anavyosimama anapopigwa picha. Niliona, na hilo ndilo linaloniuma, niliona vizuri sana, ila nilikuwa nahesabu dakika za jua.

Jamila naye alikigundua kivuli. Alitoa mguu wa kushoto mbele, akakikanyaga kichwani kwa kiatu kipya, akainua uso. "Nyanya, nimekukanyaga," akasema, akacheka, akinitazama mimi moja kwa moja. Nafisa akacheka, Amissi akacheka, wote macho mbele. Nikabonyeza. Nilijua papo hapo kwamba nimeipata.

Jioni niliifungua kwenye kompyuta. Watoto walikuwa safi. Ziwa buluu, mafiga yamekaa vizuri kuliko nilivyotarajia, meno ya Jamila yote sita ya mbele yanaonekana. Na chini, nusu ya mchanga, amelala dada yangu. Kichwa na fundo la kitenge, mabega, mikono kando, hata nafasi kati ya mkono na kiuno ilionekana. Éphraïm, mzee aliyenifundisha kazi kule Bujumbura, alikuwa akinipiga vidole kwa rula akikuta kivuli cha mtu wa nje kwenye picha yangu. Alisema ni alama ya fundi mzembe. Nililikumbuka neno la Zuwena, kiache, lipo pale masikioni. Nikajisemea huyu hajui picha, mimi ndiye ninayejua picha.

Nikakata. Nilikata chini tu ya viatu. Kilibaki kipande kidogo cha kichwa juu ya kiatu cha kushoto cha Jamila, ile ncha aliyoikanyaga, na nilitaka kuipaka weupe kwa kompyuta lakini kesho yake nilikuwa na harusi Nyanza-Lac na bado sijachaji betri. Nikaiacha. Nikahifadhi hiyo moja iliyokatwa tu, kisha nikaifuta kadi ya kamera, kama ninavyofanya kabla ya kila harusi, iwe tupu.

Zuwena alikuja kuchukua picha siku ya tatu. Niliifunga kwenye karatasi ya zawadi, nikasimama nikingoja sifa. Aliitazama muda mrefu. Alimpitishia kidole Nafisa, akampitishia Amissi, akampitishia Jamila, halafu kidole kikateremka mpaka ukingo wa chini kikakaa hapo.

"Huku chini palikuwa na kitu," alisema.

Nikamwambia nimekata. Nikamwambia palikuwa na uchafu. Ndilo neno nililotumia, uchafu, nalikumbuka lilivyonitoka kirahisi. Aliikunja ile karatasi ya zawadi vizuri, akaiweka mezani, akasema watoto wametoka vizuri. Halafu akaniambia murakoze, kama mtu anavyomwambia karani wa ofisi ya komini. Miaka yote ya maisha yetu hakuwahi kuniambia murakoze. Tuliambiana asante kwa Kiswahili, na mara nyingi hatukuambiana kitu. Mimi nilichukia, nikasema moyoni kwamba huyu mwanamke haridhiki. Nikachapa nakala kubwa nikaitundika mlangoni, na nyingine nikawapa watoto wampelekee mama yao.

Waliondoka Alhamisi. Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, presha ilimwangusha Zuwena akiwa anageuza ndagala. Alifariki kabla ya alasiri na tukamzika kabla ya magharibi. Wakati wa kumfunika uso mimi nilikuwepo. Nilitazama vizuri, lakini macho yangu si kamera.

Kwa hiyo wiki hii, baada ya karangamuntu na baada ya simu ya Agata, nilichukua ile kadi ya kamera nikaipeleka Bujumbura kwa kijana mmoja anayesifiwa kwa kufufua vilivyofutwa. Alikaa nayo siku nzima. Alinirudishia picha mia mbili za harusi ya Nyanza-Lac. Keki, bwana harusi, keki tena. Chini yake hakukuwa na kitu, kwa sababu nilipiga harusi juu ya dada yangu.

Jana mchana nikampigia Yasmini. Nilikuwa nimepanga maneno, nimweleze habari za maji na karangamuntu, nimwambie mama yake alikuwa mtu wa haya. Nilifika kwenye maji tu.

"Lakini mjomba, yuko kwenye foto ya watoto," alinikatiza.

Nikamwuliza nani.

"Mama. Siku ile mulipopiga alinipigia mchana. Alikuwa na furaha, sijawahi kumusikia vile. Aliniambia, safari hii na mie niko ndani, utaniona, hata Swedi ameniona." Akaendelea. "Tuliitundika salon, tunapokaa na wageni. Tangu afe namutafuta humo kila siku. Nimetafuta kwenye mitumbwi, nimetafuta kwa wale watu wa ndagala kule nyuma. Yuko wapi, mjomba? Nionyeshe, nimuonyeshe Jamila."

Nilikaa kwenye benchi la wateja. Nikamwambia yote. Nilianzia kwenye mtandio na mlango, kwenye negativu na mkasi, mambo ambayo mama yake hakuwahi kumwambia kwa miaka ile yote. Nikamwambia habari ya kivuli. Nikamwambia, "Aliniomba nikiache, na mimi nikamukata. Mara mbili nimemukata, Yasmini. Sikumuomba msamaha hata mara moja."

Hakunitukana. Ningependa anitukane. Nilisikia maji yakitiririka kwenye sinki lake kule mbali, halafu akayafunga. Akauliza kama hakuna kilichobaki, hata kidogo. Ndipo nikakumbuka harusi, na betri, na haraka yangu. Nikamwambia aitoe picha ukutani, atazame kiatu cha kushoto cha Jamila, kwenye ncha, pana weusi kidogo. Ule weusi ndio mama yake. Ni kichwa chake, alikuwa amekikaza kitenge vizuri.

Nilimsikia akiburuta kiti. Nilimsikia akimwita Jamila. Wakazungumza, kidogo Kifaransa kidogo Kiswahili, mama anaeleza, anaeleza tena, hapo, kwenye kiatu chako, ulikuwa umemukanyaga ukicheka, hukumbuki? Mimi huku nilikuwa nimesimama mbele ya nakala yangu ya mlangoni, nami nimeweka kidole kwenye kiatu kile kile, watu wa soko wakinipita.

Walichukua muda. Kisha simu ikapewa mtoto. Kiswahili chake kimeanza kuwa kizito, anayachagua maneno, lakini adabu aliyofundishwa na nyanya yake bado anayo. Alinisalimu kwanza.

"Babu Swedi," alisema, "nimeangalia sana. Mie naona kiatu tu."